Mlingoti futi 62, daraja futi 65: nipite au nisipite?

SWALI: Asalaam aleikum nahodha. Mi mtu wa Lamu ila naishi Norfolk, Virginia, na mwaka huu Mungu kanijalia nimenunua boti ya matanga, mtumba lakini nzima, nataka niteremke nayo hadi Miami kwa ile njia ya maji ya ndani, Intracoastal Waterway. Kabrasha la boti linasema kutoka kwenye maji hadi ncha ya mlingoti ni futi 62 na inchi 6. Madaraja wanasema ni futi 65. Sasa juzi nikajaribu moja, nikikaribia naona kabisa ncha inakwenda kugonga chuma, nikageuza, nikarudi tena, nikageuza, mara tatu. Jahazi la kwetu foromali, ule mti unaobeba tanga, unaitua tu, hapa mlingoti umesimama. Mtu anapimaje kwa macho? Msomaji, Norfolk.

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Umefanya vizuri sana kugeuza, na usione haya hata kidogo. Kwa macho haipimiki. Wewe umesimama karibu na mguu wa mlingoti unaangalia juu kabisa, daraja bado liko mbali mbele, kwa hiyo ncha lazima ionekane iko juu ya chuma, hata kama kuna nafasi ya futi ishirini itaonekana hivohivo mpaka unaingia chini yake. Nimepita madaraja mengi na bado moyo unanidunda kila mara, jicho halizoei.

Cha kwanza achana na kabrasha. Hiyo futi 62 na nusu mara nyingi ni mlingoti mtupu, haijahesabu antena ya redio ya VHF, taa ya nanga wala kile kishale cha upepo. Antena peke yake inaweza kuwa futi 3, jumlisha uone, ushafika 65 na nusu na hujui. Tafuta siku maji yametulia, funga futikamba kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, pandisha mpaka juu kabisa, soma pale inapogusa usawa wa maji, halafu ongeza vyote vilivyokaa kileleni. Pima tangi zikiwa karibu tupu maana boti nyepesi inaelea juu zaidi. Mimi niliwahi kuamini karatasi ya mwenye boti wa kwanza, antena ikakatika chini ya daraja kwa mlio ambao mpaka leo naukumbuka, na lingekuwa daraja la futi moja chini tu ungekatika mlingoti wenyewe, na tulikuwa watu wanne ndani.

Cha pili, ile 65 ya kwenye ramani haimaanishi futi 65 saa zote. Marekani wanapima kutoka wastani wa maji kujaa, na wastani maana yake kuna siku maji yanapita hapo, hasa bamvua, siku maji yanapojaa kuliko kawaida. We mtu wa Lamu bamvua unaijua. Ukifika Georgia maji yanapanda na kushuka futi 7 mpaka 9, kwa hiyo ukisubiri yapwe unapata nafasi kubwa ya bure, kukosa subira tu ndo kunaumiza watu. Ila North Carolina kuna daraja la Wilkerson, kwenye mfereji kati ya mito ya Alligator na Pungo, ramani inasema 64 si 65, na huko kujaa na kupwa ni kama hakupo, upepo ndo unasukuma maji, ukivuma siku mbili tatu upande mmoja maji yanabaki juu na hakuna jedwali litakalokwambia yatashuka saa ngapi. Hapo antena ishushe mapema.

Kinachokwambia ukweli wa saa hiyo ni ubao wa vipimo kwenye nguzo, mara nyingi upande wa kulia unapoingia. Namba pale maji yanapogusa ndo nafasi iliyopo. Chukua darubini, na kama kuna mawimbi soma pale wimbi linapofika juu kabisa. Ubao ukiwa umefunikwa na majani ya bahari hausomeki, usikisie.

Halafu ingia ukiukabili mkondo, matanga chini, injini polepole. Mkondo ukiwa mbele yako unaweza kusimama palepale na hata kurudi nyuma, ukiwa kwenye tezi, nyuma ya boti, unakusukuma utake usitake. Boti kubwa ikipita, subiri wimbi lake lifike ufukweni kwanza.

Na Miami kwenyewe hutafika kwa ndani, daraja la Julia Tuttle ni futi 56. Tokea bahari kuu pale Fort Lauderdale uingie kwa Government Cut, mlango wa bandari ya Miami, ni safari ya mchana, subiri upepo mzuri. Kuna wanaolaza boti upande kwa mapipa ya maji ili mlingoti ushuke, kule njia ya ziwa Okeechobee, Florida, kuna daraja la reli la futi 49 wanafanya hivo, lakini ukilaza nyuzi 15 mlingoti wako unapungua kama futi 2 tu, kwa Julia Tuttle haikusaidii kitu.

Ukishapima niandikie namba.

SWALI: Mi nipo Mwanza. Ziwani hakuna kujaa na kupwa, si namba ya daraja inabaki hiyohiyo? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Haibaki mpendwa. Ziwa Victoria linapanda na kushuka kwa mvua za miaka, 2020 lilifika juu kiasi ambacho wazee walikuwa hawajakiona tangu 1964. Kwa hiyo ukipewa namba uliza imepimwa kutoka usawa gani wa maji. Na nyaya za umeme zinazovuka maji ziogope kuliko daraja, jua likiwaka zinalegea na kushuka, na umeme unaweza kurukia mlingoti wa alumini bila hata kuugusa.