Bomba la Myanmar halijaiondoa China Malacca

Mkuu mleta mada, umeuliza India ina ubavu gani wa kuibana China kwa kuzuia mafuta yake baharini wakati China tayari ina bomba la mafuta linalopita Myanmar. Nimekuwa baharia kwenye meli za mafuta, nikishika usukani kutoka Ghuba ya Uajemi hadi China, na jibu langu ni kwamba ubavu upo, ila kuutumia ni shughuli.

Bomba hilo la kutoka Kyaukpyu, bandari ya Myanmar, hadi Kunming, mji wa kusini-magharibi mwa China, lilianza kupitisha mafuta 2017. Uwezo wake ni tani milioni 22 kwa mwaka, yaani kama mapipa 440,000 kwa siku. China huagiza zaidi ya milioni 10 kwa siku! Na hata hayo machache hufika Kyaukpyu kwa meli kupitia Ghuba ya Bengal, mbele ya macho ya India. Yanayobaki mengi hupita Malacca, mlango wa bahari kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra, Indonesia.

Ukishapita kusini ya Sri Lanka unanyoosha mashariki hadi kati ya Sumatra na Great Nicobar, kisiwa cha India chenye kituo cha jeshi la majini tangu 2012. Mbele zaidi, karibu na Singapore, njia inabana hadi chini ya kilomita 3. Meli ya mita 330 yenye mapipa milioni 2 imezama maji kama mita 20, na chini yake lazima zibaki mita 3.5, kwa hiyo kuna kusubiri maji yajae. Pale hakuna porojo: kila amri unairudia kwa sauti kabla ya kugusa usukani, maana meli ile huchelewa kugeuka na huchelewa zaidi kuacha kugeuka.

Sasa wewe India, unamzuia nani? Bendera Liberia, mwenye meli Mgiriki, nahodha Mhindi, mafuta ya Saudia, na shehena inaweza kuuzwa ikiwa bado baharini. Nyuma yake inakuja ya Japani. Bila vita kamili huwezi kuchambua ipi ni ya China. Na India yenyewe huagiza zaidi ya 85% ya mafuta yake, sehemu kubwa kupitia Hormuz, mlango wa kutokea Ghuba ya Uajemi, huku Gwadar, bandari ya Pakistan karibu na hapo, ikiendeshwa na kampuni ya China.

Bomba la kuangalia kwa makini ni la Urusi, kutoka Skovorodino hadi Daqing, kaskazini-mashariki mwa China, lililoanza 2011 na kuongezewa la pili 2018. Linabeba tani kama milioni 30 kwa mwaka, na hakuna manowari ya India inayoweza kulifikia.