Kabla hujasaini mkataba wa majarida ya kielektroniki

Nilipokabidhiwa kitengo cha majarida katika maktaba ya chuo kimoja nchini Tanzania, nilikuta sera ya makusanyo yenye kurasa 12, na karibu zote zilihusu vitabu: nani apendekeze, zinunuliwe nakala ngapi, kilichochakaa kiondolewe lini. Rasilimali za kielektroniki zilikuwa na aya moja, iliyosema kwamba zitanunuliwa kadiri bajeti itakavyoruhusu.

Aya hiyo ilitugharimu. Usajili wa majarida kwa kawaida huhesabiwa Januari hadi Desemba, ilhali mwaka wetu wa fedha huanza Julai, na ankara huja kwa dola. Mwaka mmoja malipo yalichelewa, na asubuhi moja ya Februari mwanafunzi wa uzamili akaja na kompyuta yake mkononi, kwa kuwa makala aliyoisoma Desemba sasa ilimtaka alipie. Nilimhakikishia kwamba matoleo ya nyuma tumeyalipia miaka minne, kwa hiyo ni yetu. Jioni nilipousoma mkataba, niligundua kwamba tulichokuwa tumelipia ni ruhusa ya kusoma tu.

Kwa hiyo, sera yako iseme wazi kwamba hakuna mkataba utakaosainiwa kabla mkutubi hajasoma kifungu cha haki ya kudumu: malipo yakikoma, miaka ipi inabaki wazi, na kwa njia ipi, iwe ni tovuti ya mchapishaji au hifadhi ya kidijitali inayotunza nakala za majarida, kama Portico. Iseme pia kwamba uamuzi wa kuendelea na usajili unafanywa mapema, wakati bajeti ya Julai bado inaandaliwa.

Takwimu za matumizi zinazofuata COUNTER, yaani kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya rasilimali za kielektroniki, zitakuonyesha kila makala iliyopakuliwa imegharimu kiasi gani, ukigawanya bei ya usajili kwa idadi ya upakuaji, lakini usiziachie zikuamulie. Jarida linalosomwa na watafiti watatu wa magonjwa ya mifugo laweza kuwa ndilo pekee walilo nalo. Na kabla ya kununua, angalia yanayopatikana bure kupitia Research4Life, ushirikiano unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, ambao mpango wake wa afya, Hinari, ulianza mwaka 2002. Sisi tulikuta majarida mawili tunayoyalipia yamo humo, jambo ambalo wakala anayetuuzia usajili hakuwa na sababu ya kututajia.

Aya ile sasa ni kurasa nne. Wakala wa kwanza kuonyeshwa alilalamika kwamba tunachelewesha mambo, kisha akarudi baada ya wiki mbili na kifungu kilichorekebishwa.