Nimwambie binti aache kunitumia zawadi wakati huu wa vita?

Dada yangu, umeuliza kama umkataze binti yako aliye ng'ambo asikutumie vifurushi, maana vita vimepamba moto na unaona haya kupokea zawadi wakati majirani hawana kitu. Usimkataze. Kwake yeye huko mbali, kufunga hilo boksi ndiko kukushika mkono. Mimi wangu alinitumia sweta wakati kama huo. Ndani ya mkono mmoja alikuwa amefutika mche wa sabuni na soksi. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu kabla ya kulivaa. Sabuni nilimkatia jirani nusu.

Mwambie atume vidogo vidogo, kikipotea kimoja visipotee vyote. Aulize posta kwanza kama njia iko wazi, fomu ya forodha aijaze kweli tupu, na betri za akiba za lithiamu asiweke kabisa. Njia zikifungwa, Msalaba Mwekundu hupeleka barua za kifamilia, za wazi, habari za nyumbani tu. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 25, unawapa ndugu haki ya kupashana habari.

Nawe kikifika tu, mjulishe siku hiyo hiyo. Mtoto hapati usingizi huko.