Maswali na majibu: Usikabidhi ndege kwa mdomo

Maswali ya mwezi huu ni mengi kuliko nafasi. Ya kuombwa kazi nimeyaacha, sina kazi ya kugawa. Haya yaliyobaki karibu yote yanahusu jambo ninaloliandikia miaka yote: fundi wa ndege ni binadamu, na mafunzo yetu mengi bado yanamchukulia kama spana.

*Mwalimu, naomba notsi za yale makosa kumi na mawili ya fundi. Nina mtihani Jumatatu. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)*

Swali hili huja kila muhula, na kila mara mtihani ukiwa mlangoni. Kwanza, si makosa, ni vyanzo vya makosa. Orodha ilitungwa na Gordon Dupont huko Kanada mwaka 1993: mawasiliano mabovu, kubweteka, kukosa ujuzi, kukatizwa kazi, kukosa ushirikiano, uchovu, uhaba wa vifaa na watu, shinikizo, kushindwa kusema hapana, msongo wa mawazo, kutotambua hali iliyokuzunguka, na mazoea ya karakana. Utapata alama zako. Lakini ukianza kazi, angalia ni lipi kati ya hayo linaloishi pale ulipo. Katika karakana nyingi nilizopita ni hilo la mwisho. Utalitambua kwa maneno yake: "Sisi hapa huwa tunafanya hivi."

*Shikamoo mzee. Mkuu wa zamu anataka nisaini kazi iliyofanyika nikiwa nyumbani. Nifanyeje? (Fundi, Mwanza)*

Marahaba. Usisaini.

*Kwa nini sisi wazoefu tunarudishwa darasani kusomeshwa makosa ya kibinadamu, wakati wanaokosea ni vijana? (Injinia wa miaka 22 kazini, Nairobi)*

Ndugu yangu, nakuomba usome hili polepole. Juni 10, 1990, ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika kama futi 17,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kilifumka. Kapteni alivutwa nje mpaka kiunoni, wahudumu wakamshika miguu, na rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Kapteni alipona. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla, na kati ya bolti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Tofauti haikufika milimita moja.

Aliyezifunga hakuwa kijana. Alikuwa meneja wa zamu, mzoefu anayeheshimiwa. Watu walikuwa wachache usiku ule, akaamua kuifanya kazi mwenyewe alfajiri. Alichukua bolti ya zamani akaitafutia inayofanana kwa kuitazama, badala ya kufungua katalogi ya vipuri. Mtunza stoo alimtajia namba ya bolti inayotumika kwenye kioo kile, akaendelea na aliyoiamini. Akaenda kuzichagua kwenye makabati yasiyo na mwanga wa kutosha. Wakati wa kufunga alijinyoosha pembeni ya jukwaa, hakuweza kuona kama vichwa vya bolti vimekaa sawa kwenye matundu. Na kwa kuwa utaratibu wa wakati ule haukuitaja kazi ile kuwa ya kukaguliwa na mtu wa pili, hakuna aliyekuja kuitazama.

Kijana angefungua kitabu kwa sababu hajui. Mzoefu hafungui kwa sababu anajua, na siku moja macho yake yanamdanganya. Wewe wa miaka 22 ndiye kozi hii inakutafuta. Ninachokubaliana nawe ni kwamba kozi yenyewe mara nyingi ni mbovu: slaidi zilezile, chai, sahihi ya mahudhurio, kila mtu nyumbani. Usiikatae kozi. Mdai mkufunzi aje na hitilafu za karakana yenu za mwaka uliopita, mzijadili moja moja.

*Sisi hukabidhiana zamu kwa mazungumzo mafupi, na mengine tunaandika kwenye grupu la WhatsApp. Inatosha? (Fundi, Arusha)*

Haitoshi, na nataka ujue kwa nini. Septemba 1991, huko Texas, ndege ndogo ya abiria aina ya Embraer 120 ya Continental Express ilikuwa inabadilishwa mpira wa kuzuia barafu kwenye bawa la mkia. Zamu ya jioni ikafungua skrubu za juu, kulia na kushoto. Zamu ya usiku ikamaliza upande wa kulia. Wa kushoto haukuguswa tena. Skrubu 47 zilikuwa zimetolewa na hakuna kadi ya kazi iliyosema hivyo. Mkaguzi wa zamu iliyoingia alifika mapema, akasoma karatasi ya makabidhiano kabla mwenzake hajaiandika. Asubuhi ndege iliruka ikafika salama. Safari ya kurudi, ukingo wa bawa lile ulichomoka angani, watu wote 14 wakafa. Kila mmoja pale alidhani mwingine anajua.

Ujumbe wa WhatsApp unasukumwa juu na salamu, harusi na matokeo ya mpira. Haukai na ndege. Kila kilichofunguliwa kiandikwe kwenye kadi dakika kinapofunguliwa, na anayeondoka amtembeze anayeingia mpaka kwenye ndege, amwoneshe kwa tochi.

Nami niliwahi kuwa upande huo. Miaka yangu ya mwanzo, katika karakana moja, nilikuwa nafunga bomba la breki la ndege ndogo. Nati mbili. Ya kwanza niliikaza kwa spana, ya pili niliizungusha kwa vidole mpaka ikashika, kisha nikaitwa kwenye simu ya ofisini. Niliporudi niliokota spana, nikaifuta, nikahamia gurudumu la pili. Sikuwa nimechoka wala hakuna aliyenikimbiza. Asubuhi mwenzangu wa zamu iliyofuata alipitisha kidole chini ya nati ile, kikatoka chekundu: mafuta ya haidroliki. Hakunigombeza. Alinionesha kidole, akanipa kitambaa chekundu, akanifundisha kukifunga palepale ninapoacha kazi, na nikirudi nirudi nyuma hatua tatu za kazi kabla ya kuendelea. Mpaka leo sijasikia somo la darasani lililonikaa kama lile.

*Chuo chetu kimeleta miwani ya uhalisia pepe. Je, itachukua nafasi ya mafunzo ya karakanani? (Mkufunzi, Nairobi)*

Hapana, lakini usiitupe. Kwa kumzoesha mwanafunzi mahali vitu vilipo ndani ya injini isiyoweza kufunguliwa kila wiki, ni nzuri sana. Anaweza kurudia mara kumi bila kuharibu kitu. Ila miwani haimfundishi mkono uzito wa spana ya kupimia mkazo, wala baridi ya chuma saa kumi alfajiri, wala namna ya kumwambia bosi "sijamaliza".

Hofu yangu ni kwamba tutanunua miwani na kuacha tatizo kubwa, yaani mafunzo ya kazini yasiyo na mpango. Januari 8, 2003, ndege ya Beechcraft 1900 ya Air Midwest ilianguka ikiruka kutoka Charlotte, Marekani, watu 21 wakafa. Siku mbili kabla, fundi aliyekuwa akirekebisha mkazo wa kebo za usukani wa mkia aliifanya kazi ile kwa mara ya kwanza kwenye ndege ya aina hiyo, akiwa chini ya mkufunzi. Wakaruka hatua kadhaa za kitabu, na mkufunzi akakubali. Mkufunzi huyohuyo ndiye aliyekuwa mkaguzi. Ndege ilikuwa na uzito mwingi nyuma, na rubani alipotaka kushusha pua, usukani wa mkia haukuweza kusogea vya kutosha. Kwa hiyo swali langu kwako, mkufunzi: anayemfundisha mwanafunzi wako hatua kwa hatua ni nani, na nani mwingine anayekagua?

*Ada ni kiasi gani, na mshahara je? (Wasomaji wengi)*

Kabla ya ada, uliza mamlaka ya anga ya nchi yako kama chuo kina idhini ya kozi hiyo. Kisichokuwa nayo ni ghali hata kikiwa bure.

*Zamu ya usiku nakunywa kahawa nne na bado kichwa kizito. Kuna dawa? (Fundi, Mombasa)*

Usizidishe kahawa. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili unataka kulala, hata ukiwa umelala mchana. Kazi ngumu na za kukagua nyufa zipangwe kabla ya hapo. Mei 2013, kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London, mafundi wawili wa usiku waliacha milango ya injini za Airbus A319 haijafungwa kwa komeo wakaenda kuchukua kifaa. Wakarudi kwenye ndege nyingine. Wakakuta milango yake imefungwa, wakaamini kuna mwenzao aliyeifunga. Asubuhi ndege yao ilipokuwa inaruka, milango ya injini zote mbili ikang'oka. Watu walinusurika wote. Soma namba ya usajili wa ndege kwa sauti kila unaporudi.

*Niliripoti mwenyewe kwamba nimesahau bisibisi ndani ya bawa. Ndege ikazuiwa, tukaitoa. Nimesimamishwa wiki mbili bila mshahara, na wenzangu wanasema nimejitakia. (Fundi, ameomba tusimtaje)*

Hukujitakia, umeokoa watu. Mwajiri aliyekuadhibu amewafundisha wote waliobaki kunyamaza, na bisibisi ijayo hatajulishwa. Adhabu ni ya anayeficha, na ya anayevunja utaratibu kwa makusudi. Wewe ulisahau, ukasema.

Andika barua kwa msimamizi wa ubora, kwa adabu na bila kulalamika. Uliza: nani alihesabu vifaa kabla paneli haijafungwa? Je, kuna ubao wenye mchoro wa kila kifaa, ili pengo lionekane? Ambatisha nakala ya taarifa yako, weka tarehe, bakiza nakala nyumbani. Iandike kabla hujarudi zamu.