Jibu: kakakuona kaingia shamba la matoke, nifanyeje?

Ndugu yangu wa Masindi, umeuliza umfungie kwenye pipa umlishe mpaka watu wa UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, wafike, hapana jamani, huyo anakula sisimizi na mchwa tu, meno hana kabisa, analamba na ulimi, na akifungiwa huwa wengi wanakufa. Wapigie UWA sasa hivi, fukuza mbwa na watoto, kaa mbali. Akijikunja usimkunjue kwa nguvu, maana kama ni jike anaweza kuwa amemficha mtoto humo katikati, na kawaida anazaa mmoja tu! Picha usitupie kwenye grupu la WhatsApp tafadhali, wanunuzi wa magamba wanapita humo humo. Halafu vichuguu vya pembeni ya shamba viache, usivipige dawa.