Taichi, udi na machungwa

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Toronto, goti linanisumbua, daktari akasema nijaribu taichi. Nikapata klabu, wengi wazee wa kizungu, wanajiita Watao, yaani wafuasi wa Utao, dini na falsafa ya kale ya Kichina, ila eti dini hawana. Sasa juzi nachungulia chumba cha pili naona masanamu, machungwa, udi unafuka! Mie Muislamu, si naingizwa kwenye ibada hivi hivi? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kushtuka ni haki yako, maana hapo mambo mawili yanakaa nyumba moja. Taichi yenyewe ni kungfu, wanahistoria wengi wanaifuatilia hadi kijiji cha ukoo wa Chen, mkoa wa Henan kule China, karne ya 17, na ukizungusha kiuno polepole humwabudu mtu. Lakini hapo hapo Toronto, Moy Lin-shin aliyetoka Hong Kong alianzisha chama cha taichi mwaka 1970, na chama hicho kina mahekalu kabisa yenye masanamu ya wanaoabudiwa, yupo Mfalme wa Jade, yupo Guanyin, yupo Lü Dongbin. Kama klabu yako ni ya namna hiyo basi yale masanamu si mapambo, anayechoma udi na kuinama pale anaabudu, nisikudanganye.

Hao wazee sasa. Wengi wa aina yao wameingilia mlango wa kitabu, Tao Te Ching, kitabu cha kale cha Utao, sura 81 fupi fupi, kanisa limewachosha wanatafuta utulivu usiokuwa na padri. Tafsiri moja inayopendwa sana Marekani ni ya Stephen Mitchell, 1988, na Kichina hajui, alitumia tafsiri za wenzake! Wakabeba yale ya kutolazimisha mambo, lakini miungu, makuhani, hirizi za karatasi na ibada za kuombea wafu wakaviacha huko huko. Nenda hekalu la Tin How, Chinatown ya San Francisco, uone Wachina wenyewe wanavyompelekea mungu wao wa kike wa bahari matunda na udi, falsafa wala hawana habari nayo. Na watawa wa Kitao wa hekalu la Wingu Jeupe kule Beijing hawaoi, nyama hawali, waulize wazee wako kama hilo nalo wanalitaka (watacheka tu).

Muulize mwalimu wazi wazi kama kuna kuinama mbele ya madhabahu. Kukiwa na kulazimishana, tafuta darasa la ukumbi wa mtaa, yapo mengi yasiyo na udi wala nini. Halali na haramu muulize sheikh wako, mie si mufti. Na hilo goti, mwambie mwalimu akupunguzie kuchuchumaa.