Mfumo wa kitengo cha saratani: kabla ya dodoso, kaa na faili la karatasi

Mkuu, nimeona swali lako: umepewa kazi ya kukusanya mahitaji ya watumiaji kwa ajili ya mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa wa saratani, na unauliza dodoso liwe na maswali mangapi. Mimi nakushauri dodoso uliweke pembeni kwanza. Nilianza nalo kwenye hospitali moja ya rufaa, likatupotezea miezi.

Majibu yote yalifanana: mfumo uwe rahisi, uwe na kasi, usigande mtandao ukikatika. Ni kweli tupu, lakini huwezi kuyatengenezea skrini. Tukajenga kwa mtindo wa wagonjwa wa nje: mtu anaandikishwa, anahudumiwa, anaondoka. Baada ya mwezi mmoja wauguzi walikuwa wanajaza kompyuta kwa kuwa wameagizwa, kazi yenyewe inaendelea kwenye faili.

Ndipo nikaomba kibali nikakae chumba cha dripu siku za kliniki, na daftari tu. (Faili usilipige picha hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sheria isingekuwepo bado ni siri ya mtu.) Faili la mama mmoja mwenye saratani ya matiti lilikuwa na namba juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: 60 imekatwa, 120 imekatwa, 180. Nikamuuliza sista, mtu mzima, zile namba ni za nini.

"Mwanangu, hiyo ni ile dawa nyekundu. Inaumiza moyo. Lazima nijue ameshapata kiasi gani tangu aanze, na fomu yenu haina pa kuandika."

Dawa hiyo ni doksorubisini. Kwa saratani ya matiti mara nyingi hutolewa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila baada ya siku 21. Jumla ya alizowahi kupata maishani ikifika kwenye miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba, hatari ya moyo kushindwa inapanda sana. Mfumo wetu ulihifadhi kila dozi ndani ya hudhurio lake, wala haukujumlisha popote. Kwenye dodoso hakuna aliyeligusa suala la kujumlisha, maana kwa sista yule ni mazoea ya mkono; hawezi kukumbuka kuyaomba.

Uzito nao ulitaka kutuletea balaa. Eneo la mwili hukokotolewa kwa urefu na uzito. Mgonjwa wa sentimita 158 na kilo 52 ana mita za mraba 1.51, akikonda hadi kilo 44 anabaki na 1.39, na dozi ya dawa hiyohiyo inashuka kutoka kama miligramu 91 hadi 83. Sisi tulikuwa tunavuta uzito wa siku ya kwanza ili kumpunguzia muuguzi kazi! Mfamasia ndiye aliyetukamata, kikokotoo kikiwa mezani kwake. Tukarekebisha: bila uzito wa leo, dozi haitoki.

Hatua ya saratani, yaani imeenea kiasi gani, usiiruhusu ifutwe na mpya inapoingia. Ile ya daktari kabla ya upasuaji na ile ya patholojia (maabara inayochunguza nyama iliyotolewa) baadaye, zote zibaki na tarehe zake.

Kilichoniuma zaidi ni wanaorudishwa. Mtu amesafiri usiku kucha, damu imepimwa, chembe nyeupe zimeshuka, anaambiwa arudi wiki ijayo. Mfumo wetu ulimwandika "hakupata huduma", sawa na asiyekuja kabisa. Mwisho wa mwezi ripoti ikaonyesha wagonjwa watoro, wakati walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Weka sehemu ya kuahirisha mzunguko wa dawa, na sababu yake.

Wasikilize na wanaowasindikiza. Kaka mmoja aliyemleta mama yake alituomba neno "saratani" lisichapishwe kwenye karatasi ya tarehe ya kurudi. Mama hajui kusoma. Kila akitaka kukumbuka siku yake anampelekea jirani karatasi amsomee. Sasa karatasi ile ina jina, tarehe na namba ya chumba tu.